Jiko la pampu la babu: presha haikai

Mkuu, umesema mpini wa pampu wa jiko la mafuta ya taa la babu unaingia bila ubishi wowote na jiko halishiki presha. Usikimbilie kununua kichwa kipya, yaani sehemu ya juu inayotoa moto. Karibu kila mara ni ngozi ya pampu, ile iliyo mwishoni mwa mpini wake, imekauka. Ichomoe, iloweke kwenye mafuta mepesi ya mashine usiku kucha, tanua kingo zake kwa kidole, kisha irudishe taratibu isikunjike. Ikiwa imechanika, fundi viatu pale Mwanjelwa, Mbeya, atakukatia nyingine. Mafuta ya taa yakipanda hadi kwenye pampu, hilo ni tatizo jingine: vali iliyo chini yake haifungi.

Kabla ya kuwasha, jaza upepo na upake povu la sabuni kwenye viungo vyote. Tangi likitoa mapovu kwenye ufa, liweke kabatini kama pambo.

Weka mafuta ya taa tu, petroli kamwe. Washia nje. Acha skrubu ya kutoa upepo kwenye tangi wazi, mimina spiriti kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa, iwashe, subiri ikaribie kwisha ndipo ufunge skrubu na kupampu kidogo. Baridi ya Mbeya ya Juni inadai spiriti zaidi, usiibanie. Ukiona moto mrefu wa njano, kichwa hakijapata joto. Fungua skrubu, kikishapoa anza upya. Kuongeza mafuta jiko likiwa la moto ndiko kunakounguza watu.

Na tafadhali, usiote moto wake chumbani ukiwa umefunga madirisha, hewa yake inaua kimyakimya.