Mustang ya zamani: shika tochi kabla hujashika pochi

Kila kiangazi hapa Columbus, Ohio, lazima kijana mmoja wa nyumbani anipigie simu: "Kaka, nimeona Mustang ya 1966, ile ya Ford, bei iko poa, twende ukaiangalie." Huwa nakwenda. Nusu ya hao hurudi mikono mitupu wakiwa wamenuna. Haya ninayoandika ndiyo huwa nawaambia garini wakati wa kurudi.

Mimi nilijifunza ufundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye Corolla na Hiace. Spea ikihitajika, dogo anatumwa Kariakoo akiwa na ile mbovu mkononi. Muuzaji anaipindua mara mbili, anaingia stoo, anatoka na mwenzake. Nilipofika Marekani nikakuta watu wanataja mwaka na jina la gari tu, kifurushi kinaletwa mlangoni. Nikaona huu ndio ustaarabu. Mustang yangu ya kwanza ndiyo iliyonirudisha kwenye utaratibu wa Kariakoo.

Ilikuwa hardtop ya 1966, yaani ya paa la bati lisilokunjwa, rangi ya bluu, V8 (injini ya silinda nane) chini ya boneti. Breki zilikuwa zinavuta upande, nikaagiza ngoma nne za "Mustang 1966 V8". Za mbele zikakaa bila ubishi. Za nyuma zikaja na matundu matano, na ekseli yangu ina stadi nne za kufungia tairi. Nikakaa sakafuni nahesabu upya kama mtoto wa chekechea. Moja, mbili, tatu, nne.

Kumbe Ford walikuwa wakitoa magari mawili ndani ya ngozi moja. Yenye silinda sita, inchi za ujazo 200, ilikuwa na stadi nne kila tairi, ngoma za inchi 9 na difu dogo. Yenye V8 ya 289 ilikuwa na stadi tano, ngoma za inchi 10 na difu la inchi 8. Gari langu lilizaliwa na silinda sita. Kuna mtu alikuja akalitia V8, akabadilisha miguu ya mbele, halafu hela ikamwishia kabla hajafika nyuma.

Na gari lilikuwa linanieleza hivyo tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikusoma. Namba ya chesisi inaanza 6F07T. Hiyo 6 ni mwaka 1966. F ni kiwanda cha Dearborn, Michigan. Ukikuta R ni San Jose, California, na T mahali hapo ni Metuchen, New Jersey. 07 ni bodi ya hardtop, 08 ni ya kukunja paa, 09 ni fastback, ya paa linaloteremka hadi nyuma. Herufi inayofuata ndiyo injini: T ni silinda sita, C ni 289 yenye kabureta ya matundu mawili, A ya matundu manne, na K ni ile ya nguvu farasi 271 ambayo watu wanaitafuta kwa pesa nyingi, kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa. Kibati cha mlangoni kimeshikwa na ribiti tu, mtu anaweza kukihamisha. Fungua boneti, tazama bati la ndani ya fenda upande wa dereva, namba imegongwa pale. Zilinganishe zote mbili na ile iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki. Zisipofanana, mshukuru muuzaji kwa muda wake, uondoke.

Injini nayo ilikuwa na hadithi yake. Niliuziwa nikiambiwa ni 289. Puli ya krenki mpira wake ulikuwa umekatika, nikaagiza ya 289, nikafunga, nikawasha. Gari likatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni kila gari la nyuma likawa mawili. Nikapoteza wikendi nzima nikishuku mikono ya injini. Mwishowe nikaingia chini na brashi ya waya, nikasugua bloku juu ya stata, namba ikatokea ikianza na herufi E.

Hapo inabidi nieleze namba za Ford, maana ukizielewa umeokoa nusu ya hela yako. Herufi ya kwanza ni muongo: B ni miaka ya 1950, C ni 1960, D ni 1970, E ni 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo. Herufi baada ya tarakimu hiyo ni gari ambalo kifaa kilibuniwa kwa ajili yake: Z ni Mustang, O ni Fairlane, A ni zile Ford kubwa, T ni malori. Namba ya katikati ndiyo jina la kifaa, haibadiliki kutoka gari hadi gari: 2140 ni masta silinda, 8501 pampu ya maji, 9510 kabureta, 12127 distributa. Usishtuke ukikuta C5 kwenye gari la 1966, kifaa kilibuniwa mwaka mmoja kabla kikaendelea kutumika. Jihadhari tu: namba iliyotoka na chuma kiwandani mara nyingi si ile ile ya kuagizia dukani, ingawa mwaka utakuambia.

Kwa hiyo bloku yangu yenye E ilikuwa 302 ya miaka ya 1980. Kwa nje ni ndugu wa damu wa 289, ila uzito wa kusawazisha krenki ni tofauti. Zile za zamani ni aunsi-inchi 28, za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni 50. Puli na flaiwili lazima zifuate krenki iliyomo ndani, hazijui kabisa kwamba bodi ni ya 1966.

Tangu siku hiyo siagizi kitu kabla sijakifungua, sijakipima na sijakipiga picha. Na kile cha zamani hakitoki gereji mpaka kipya kiwe kimetembea angalau wiki.

Uzuri wa Mustang ni kwamba chini yake ni Falcon, gari la kawaida la familia. Ukiacha kutafuta neno "Mustang" ukatafuta kifaa chenyewe, utakikuta kwenye Falcon, Comet, Fairlane, hata Maverick ya miaka ya 1970, na bei inashuka. Kwenye makaburi ya magari Mustang zilishakwisha, zimechunwa zamani. Maverick bado unaweza kubahatisha.

Spea za kuigizwa ni nyingi kweli, unaweza karibu kulijenga gari zima kwa hizo. Bati kwa kawaida linakubali baada ya kulipigapiga kidogo. Vitu vidogo vya umeme ndivyo vinavyonitia hasira. Rafiki yangu ana 289 ya kuzaliwa nayo. Tulimwekea pointi na kondensa mpya za distributa kutoka duka moja, uwazi wa pointi tukaupima kwa fila, inchi 0.017 kama kitabu kinavyotaka, gari likaimba. Dakika arobaini baadaye likazima barabara kuu kwenye mvua. Kilichotufikisha nyumbani ni kondensa ya zamani, yenye kutu, ambayo nilikuwa nimeitupia kwenye kisanduku cha dashibodi.

Kama unataka kushika kitu kabla ya kulipa, nenda Pennsylvania: Carlisle majira ya kuchipua, au Hershey mwezi Oktoba. Ni gulio hasa, mahema mpaka macho yachoke. Nenda na kifaa chako kibovu, kaliba, tochi na pesa taslimu. Siku ya kwanza ndipo vitu adimu vinapochukuliwa. Siku ya mwisho ndipo bei inapolegea, maana hakuna anayetaka kurudi na chuma kizito. Boksi la zamani lenye maandishi ya FoMoCo (kifupi cha Ford Motor Company) lisikulevye. Fungua, soma namba iliyo kwenye kifaa. Boksi linaweza kuwa la kweli na mkazi wake akawa mpangaji.

Sasa kwa ambaye bado hajanunua. Chini ya waipa kuna matundu ya hewa, na ndani yake boksi la bati lililochomelewa kiwandani. Hulioni bila kukata. Majani yanaingia, yanaoza, yanashika unyevu, bati linatoboka, maji yanashukia miguuni. Mwaga jagi la maji kushoto, jingine kulia, na wewe ulale chali chini ya dashibodi na tochi. Ukiona tone, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ya kukata na kuchomelea. Muuzaji akikataa usimwage maji, amekwisha kujibu. Hapa Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi, kwa hiyo pitisha pia sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye fenda na chini ya milango. Isiposhika, pale ni puti.

Rangi na siti zingoje. Anza na breki. Masta silinda ya 1966 ina chumba kimoja tu: paipu moja ikipasuka, pedali inashuka hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki. Ford walileta ya vyumba viwili 1967, na wengi wetu tunafunga hiyo. Vumbi la ngoma za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa, linaweza kuwa na asbesto; futa kwa kitambaa kilicholowa. Paipu za mpira za mafuta badilisha zote, petroli ya siku hizi yenye ethanoli inazilainisha na zinavujia juu ya injini ya moto. Nunua pia spana za inchi. Namba 13 inaingia kwenye bolti ya nusu inchi, inalegea kidogo tu, na hapo ndipo inapokula kona.

Difu langu nilikuja kulipata Carlisle, la inchi 8, limetoka kwenye Maverick, limelazwa juu ya turubai kati ya milango na mabampa. Mzee aliyekuwa analiuza akaniuliza gari langu ni la mwaka gani. Nikamwambia inategemea unaulizia sehemu gani, nikachuchumaa nikatoa futi yangu. Akacheka, akaja kunishikia ncha ya pili.