Barua kwa Mwanangu: Mtoto Anayeimba Matangazo

Igoma, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimeupokea ujumbe wako. Unasema mjukuu wangu, akiwa na miaka sita, anazikariri nyimbo za matangazo ya vocha na juisi kuliko anavyokariri jambo lingine lolote, kwamba hataki begi la shule lisilo na picha ya katuni, na unaniuliza kama umfungie televisheni na kumnyang'anya simu moja kwa moja.

Punguza saa, lakini usitegemee katazo peke yake. Watafiti wa saikolojia ya watoto wanakubaliana kwamba mtoto aliye chini ya miaka minane hivi hatambui vizuri kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi. Analiona ni habari tu, tena ya kweli. Ndiyo maana jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku, tangu 1980, matangazo ya biashara yanayowalenga watoto chini ya miaka 13. Sisi huku tangazo limepakwa hadi kwenye kuta za duka la jirani, kwa hiyo hata ukizima kila kitu ndani, atalikuta mlangoni. Begi lenyewe mnunulie, kwa kuwa begi halijawahi kumwharibu mtu.

Ninachokuomba ni kumfanya ajue kwamba tangazo ni kitu kilichotengenezwa na mtu, na njia ya haraka ni kumwacha atengeneze lake. Alipokuwa hapa likizo iliyopita, bibi yake alikuwa akichambua dagaa uani, nami nikamwambia mjukuu atuimbie tangazo la kuwauza. Aliimba vizuri mno: dagaa wa Mwanza, watamu, wanaongeza nguvu, njooni wote! Nikamuuliza mbona hakuutaja mchanga, maana wale walikuwa wameanikwa chini na si kwenye vichanja. Alicheka, akajibu, "Babu, nikisema mchanga hawatanunua." Ukweli huo aliugundua mwenyewe, na jioni ile ile, lilipotokea tangazo la sabuni, alimgeukia bibi yake na kumuuliza hawa nao wameficha nini.

Ubunifu nao hauhitaji fedha nyingi. Midoli inayong'aa huja ikiwa imekamilika, ina jina na sauti yake, na mtoto hubakiwa na kazi ya kubonyeza tu. Mpe vipande vya waya, vifuniko vya soda na ndala iliyokatika, kisha umwache hata anapolalamika kwamba hana la kufanya, kwa maana malalamiko hayo mara nyingi ndiyo huzaa mchezo. Gari lake la kwanza la waya litapinda magurudumu. Usikimbilie kumnyooshea, na usimsifie kila kitu. Muulize tu usukani unakamatana wapi na magurudumu ya mbele, naye atakaa chini kulitazama upya.

Ama kuhusu ladha ya utamaduni, mtu hachagui asichokijua, na mtoto aliyesikia aina moja tu ya muziki ataiona hiyo ndiyo muziki. Hapa tuna bahati ya kuwa karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement, mmisionari Mkanada, aliasisi kituo cha Bujora chenye makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi Juni, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, ambapo Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vyenye uhasama wa tangu karne ya 19, hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, na hadhira huhamia upande unaoipendeza zaidi. Sijui shule bora ya ladha kuliko hiyo, kwa sababu mtoto huchagua kwa miguu yake, akiona wazi kwamba wengine wamechagua tofauti. Akihama, muulize kilichomvuta ni nini: mapigo ya ngoma, maneno ya mtunzi, au yule mchezaji aliyerusha jembe juu katika bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na kulidaka bila kukosa hatua?

Lakini usimfungie ndani ya Usukuma pia. Sipendi wazazi wanaomgeuza mtoto kuwa Msukuma wa maonyesho. Asikie taarabu, asikie kaswida za majirani, asikilize hata bongofleva yake, na Jumamosi moja moja mpeleke maktaba achague kitabu mwenyewe, hata akichagua kile ambacho wewe usingekichagua.

Mlete shule zikifungwa mwezi wa sita. Nitaulizia tarehe za Bulabo kule Bujora na kukujulisha mapema ili ukate tiketi ya basi kabla nauli hazijapanda. Msimfungashie midoli, waya ninao.

Baba yako