Vinasaba vya TB havimtaji aliyekuambukiza

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Mwaka jana mpangaji mwenzetu aliugua TB, akatibiwa akapona. Mwezi uliopita mdogo wangu naye kakutwa nayo kwa mashine ya GeneXpert. Mama anasema kaambukizwa na yule mpangaji, na mwenye nyumba yuko tayari kumtoa tukimpelekea uthibitisho. Kuna kijana anasema kipo kipimo cha vinasaba kinachoonyesha TB ya mtu imetoka kwa nani, bei laki tatu na nusu. Tumlipe?

JIBU: Marahaba, dada. Msimlipe hata senti.

GeneXpert mliyopimiwa haijui lolote kuhusu ukoo wa vimelea. Inajibu mambo mawili: vimelea vya TB vipo au havipo, na kama vipo, je, vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB? Basi. Tena kemikali inayochanganywa na makohozi kabla ya kuyaweka kwenye katriji, kile kikasha kinachoingia kwenye mashine, huua vimelea, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kuotesha maabara ili kupima ukoo. Na makohozi ya mpangaji ya mwaka jana huyo kijana atayatoa wapi?

Kipimo cha ukoo wa vimelea kipo kweli, ndiyo kazi ninayoifanya. Kwa kawaida huanza kwa kuotesha vimelea, na hivi vina uvivu wa ajabu: kimoja hujigawa mara moja kwa karibu siku nzima, hivyo tunangoja wiki kadhaa. Njia moja ya zamani, spoligotaipingi, hutoa mstari wenye nafasi 43, nyingine zina doa jeusi, nyingine ziko tupu. Mgonjwa akioneshwa mistari miwili iliyolingana doa kwa doa, huruka: "Si nilisema!" Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukoo mmoja uliozoeleka sana nchini kwetu unaitwa CAS1-Kili, hiyo Kili ikitokana na Kilimanjaro. Mtu wa Tandale na mtu wa Kigamboni wasiojuana kabisa wanaweza kuwa nao wote wawili. Ni sawa na kukuta watu wawili wanaitwa Juma ukasema ni ndugu.

Siku hizi tunasoma vinasaba vyote vya kimelea, herufi kama milioni 4.4. Hizo hubadilika polepole mno, takriban herufi moja kwa miaka miwili. Wagonjwa wawili wakitofautiana kwa zaidi ya herufi 12, kwa kawaida tunasema hawakuambukizana karibuni. Wakitofautiana kwa 5 au pungufu, tunasema wamo kwenye mnyororo mmoja. Mnyororo, dada. Haimaanishi kwamba huyu kampa yule. Huenda mtu wa tatu, ambaye hamjawahi kumfikiria, aliwaambukiza wote wawili. Tena vinasaba peke yake mara nyingi havisemi nani alitangulia. Kipimo hiki kina nguvu ya kumwondoa mtu kwenye tuhuma kuliko ya kumtia hatiani.

Niliwahi kuletewa karatasi yenye mhuri, imeandikwa kwamba vimelea vya watu wawili "vimefanana kwa asilimia 99.9". Familia ilikuwa imelipia, na shemeji alikuwa ameshafukuzwa nyumbani. Niliumia sana. Vimelea vya TB vya binadamu, wa Dar au wa London, hufanana kwa kiasi hicho! Aliyeandika ile karatasi aliiga lugha ya vipimo vya kutafuta baba wa mtoto, akijua watu wakiona asilimia wataamini.

Sisi tunalinganisha koo ili tujue kama mgonjwa aliyepona na kuugua tena amerudiwa na vimelea vyake vya zamani au kapata vipya. Tunalinganisha tujue kama TB sugu inasambaa mtaani au imezuka mwilini mwa mtu aliyekatisha dozi. Kazi hiyo huelekeza mpango wa jiji zima. Haikuwekwa ili mwenye nyumba apate sababu ya kumtupia mtu virago nje.

Na akimtoa, nini kitafuata? Mpangaji mwingine akianza kukohoa atanyamaza. Atakunywa dawa ya kikohozi ya dukani miezi mitatu huku akilala na watoto kwenye chumba kisicho na dirisha. Wauza vipimo hawa mara nyingi ndio hao hao wenye chupa za "kusafisha mapafu", wanaomwambia mgonjwa mkojo wake mwekundu ni damu, aache vidonge. Ule wekundu ni rangi ya rifampisini. Matibabu ya TB nchini ni bure, na mdogo wako asipewe chochote cha kumfanya aruke hata siku moja ya miezi yake sita.

Katika barua yako nzima hukuniambia nani mwingine kapimwa. Vyumba sita! TB inaweza kulala mwilini miaka kabla ya kuamka, kwa hiyo mdogo wako huenda aliipata zamani, shuleni au kwenye daladala. Nendeni kituo cha afya wote mnaoishi hapo. Watoto walio chini ya miaka mitano watangulie kesho asubuhi, hata kama hawakohoi, kwa sababu kuna dawa za kuwakinga. Mpangaji wenu, kama alimaliza dozi na makohozi yakaonekana safi, hana cha kumwambukiza mtu. Lakini mwiteni mwende naye: amekaa nyumba moja na mgonjwa, naye anahitaji kupimwa kama ninyi.