Acheni kumsingizia Babe Ruth: majibu ya maswali yenu kuhusu timu ya besiboli ya Boston Red Sox

Ni kweli Red Sox walikaa miaka 86 bila ubingwa kwa sababu ya laana ya Babe Ruth? (Msomaji, Mwanza)

Si kweli, na nimechoka kuulizwa hadithi hii kwamba timu ililaaniwa kwa kumuuza nyota wake Ruth. Kila anayeuliza anaanzia ubingwa wa 1918 na kurukia ule wa 2004, kana kwamba katikati hapakuwa na watu waliokaa ofisini na kufanya maamuzi. Mwishoni mwa Desemba 1919 mmiliki Harry Frazee aliwauzia New York Yankees Babe Ruth kwa dola 100,000, kisha akapata mkopo wa dola 300,000 uliowekewa rehani Fenway Park, uwanja wenyewe wa timu. Ruth alikuwa ametoka kupiga homurani 29 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja) msimu ule, rekodi mpya. Mwaka uliofuata, akiwa New York, alipiga 54. Warushaji (wanaomtupia mpigaji mpira) Waite Hoyt na Herb Pennock nao walipelekwa kulekule, na Yankees walipotwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 1923 wote watatu walikuwemo. Ukiuza wachezaji wako bora kwa mpinzani wako, utafungwa naye. Laana ya nini hapo?

Na hayo yanaeleza miaka ya 1920 tu. Kwa miaka iliyofuata someni jibu linalofuata.

Mchezaji wa kwanza Mweusi wa Red Sox alikuwa nani? (Msomaji, Nakuru)

Pumpsie Green, tarehe 21 Julai 1959, mjini Chicago, alipoingizwa kukimbia badala ya mwenzake. Ligi kuu ilikuwa na timu 16, na Boston walikuwa wa mwisho kabisa. Jackie Robinson alikuwa ameingia Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Hadi Green anavaa jezi ya Boston, Robinson alikuwa ameshastaafu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Boston walimwona Robinson kabla ya Brooklyn kumsajili. Tarehe 16 Aprili 1945 alifanyiwa majaribio Fenway Park pamoja na Sam Jethroe na Marvin Williams. Klabu haikuwaita kwa hiari. Diwani Isadore Muchnick alitishia kuzuia kibali cha kucheza mechi siku za Jumapili, na mwandishi Wendell Smith wa Pittsburgh Courier ndiye aliyewaleta vijana wale watatu. Walipiga, wakadaka, wakajaza fomu, wakaambiwa watapata habari. Hakuna aliyewatafuta tena. Jethroe alikuja kuchaguliwa mchezaji chipukizi bora wa National League (pamoja na American League ndizo zinazounda ligi kuu) mwaka 1950, akiichezea Boston Braves, timu nyingine ya mji uleule.

Kisha Willie Mays. Red Sox walikuwa na timu yao ya ligi ndogo Birmingham, ikitumia uwanja wa Rickwood Field, na Mays alikuwa akicheza hapohapo na Black Barons, timu ya Weusi. Walimwacha, na mwaka 1950 akasajiliwa na New York Giants. Hebu wazieni Mays na Ted Williams, nyota wa Boston, katika safu moja. Tom Yawkey alimiliki timu tangu 1933 hadi alipofariki 1976, na wakati huo wote hawakutwaa ubingwa hata mara moja. Mwaka 2018 jina lake liliondolewa kwenye barabara ya mbele ya uwanja. Naunga mkono, ila lilichelewa mno.

Fenway Park ilifunguliwa lini?

20 Aprili 1912. Boston walishinda 7-6 katika awamu ya 11 (kwa kawaida mechi ina awamu tisa). Swali kama hili tafuteni kwanza wenyewe kabla ya kuandika.

Nimesoma kwamba baada ya Ted Williams kupata .406 hakuna aliyefika .400 tena. Sawa? (Msomaji, Toronto)

Sawa ukihesabu American League na National League peke yake. Asubuhi ya tarehe 28 Septemba 1941, siku ya mwisho ya msimu, wastani wake wa kupiga, yaani mapigo yaliyofanikiwa ukigawanya kwa nafasi za kupiga, ulikuwa .39955, ambao vitabuni ungeandikwa .400. Kocha Joe Cronin alimruhusu apumzike. Williams akakataa, akacheza mechi zote mbili za siku ile mjini Philadelphia, akapata mapigo 6 katika nafasi 8. Huo ni ujasiri ninaouheshimu kwa moyo wote.

Lakini tangu Mei 2024 takwimu za ligi za Weusi (walizocheza walipozuiwa ligi kuu) zimeingizwa rasmi katika rekodi za ligi kuu, na Josh Gibson, aliyecheza huko, ana .466 ya mwaka 1943. Kwa hiyo sahihisheni mnavyoandika. Williams mwenyewe asingekasirika. Alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 1966, alisimama na kumtaja Gibson na Satchel Paige, nyota wa ligi hizo, akitaka nao wapewe nafasi mle ndani.

Bill Buckner ndiye aliyepoteza ubingwa wa 1986?

Hapana. Mpira uliopigwa na Mookie Wilson wa New York Mets ulipompita Buckner, mlinzi wa beisi ya kwanza wa Boston, miguuni katika mechi ya sita ya fainali, matokeo yalikuwa tayari sare 5-5, kwa sababu warushaji walishapoteza uongozi wa 5-3. Kocha alimwacha uwanjani na vifundo vibovu huku Dave Stapleton akiwa benchi. Mechi ya saba nayo Boston waliongoza 3-0, wakafungwa 8-5. Mtu mmoja akabebeshwa yote hayo, hadi akatishiwa kuuawa. Tarehe 8 Aprili 2008 alirudi Fenway kurusha mpira wa ufunguzi, na watu wakamshangilia wakiwa wamesimama.

Tukio gani moja la 2004 ungetuonyesha sisi tusioujua mchezo? (Msomaji, Kampala)

Dave Roberts kuiba beisi ya pili, yaani kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe, 17 Oktoba. Boston walikuwa nyuma mechi 3-0 dhidi ya Yankees katika mfululizo ambao anayetangulia kushinda nne anasonga mbele; ilikuwa awamu ya tisa, wako nyuma 4-3, na mrushaji wa Yankees alikuwa Mariano Rivera. Kevin Millar anapewa beisi ya kwanza, Roberts anaingia kumkimbilia. Uwanja mzima unajua atajaribu. Rivera anarusha mpira beisi ya kwanza mara tatu ili kumzuia. Anaporusha kwa mpigaji, Roberts anachomoka. Anateleza, mkono unagusa beisi kabla Derek Jeter hajamgusa na glovu. Bill Mueller anapiga, Roberts anafika nyumbani, sare. Awamu ya 12 David Ortiz anamaliza kwa homurani. Kuanzia usiku ule walishinda mechi nane mfululizo, hadi ubingwa wa tarehe 27 huko St. Louis.

Roberts, Ortiz, Pedro Martínez, Manny Ramírez: mwaka 1945 hakuna hata mmoja wao angepewa jezi ya Boston.

Kuna mpira wenye sahihi ya Babe Ruth unauzwa mtandaoni dola 200. Ninunue?

Usinunue. Ulio halali unauzwa maelfu ya dola, na FBI walishavunja mitandao ya waghushi wa sahihi za wanamichezo. Cheti cha uthibitisho nacho hughushiwa.