Linux Yako Mwenyewe Ndani ya Flashi: Maswali na Majibu

Wenzangu wanachukua ISO iliyo tayari (faili moja lenye Linux nzima ya kuwasha kutoka kwenye flashi), wanaifungua, wanaongeza programu, wanaifunga tena. Wewe unasema tuanze na folda tupu. Kwa nini tujisumbue?

Njia yao si mbaya. Unalitoa faili la squashfs (ndimo mfumo wote ulimokandamizwa), unalifungua kwa `unsquashfs`, unaingia ndani ya mfumo huo kwa `chroot`, unasakinisha unachotaka, kisha `mksquashfs` inalifunga. Shida huja miezi sita baadaye: kerneli, yaani kiini cha Linux, imezibwa matundu ya usalama, unataka toleo jipya, na hukumbuki hata nusu ya uliyobadilisha.

Ndiyo maana natumia live-build ya Debian, zana inayojenga ISO kutokana na maelezo uliyoyaandika. Ndani ya folda tupu unaandika `lb config`. Majina ya programu unayaweka kwenye faili kama `config/package-lists/zangu.list.chroot`, kila jina na mstari wake. Mafaili yako unayapanga ndani ya `config/includes.chroot` kana kwamba hapo ndipo mzizi wa diski: kinachotakiwa kukaa `/etc/motd` unakiweka `config/includes.chroot/etc/motd`. Kisha `sudo lb build`, na utafute kazi nyingine ya kufanya wakati inajenga. Folda ya `config` itunze kwenye git, inayohifadhi historia ya kila badiliko. ISO yenyewe hata ukiifuta, utaijenga nyingine.

Nimeongeza programu kwenye orodha, nimejenga upya, lakini haimo.

Hukusafisha. Live-build huweka alama kila hatua inapokamilika, na hatua yenye alama hurukwa. Anza na `sudo lb clean`. Usiogope bando, vifurushi vya programu ulivyokwisha kupakua vinabaki.

ISO yangu imenenepa mno. Nipunguze wapi?

Jaribu `lb config --apt-recommends false`, ili visije vifurushi ambavyo hukuviomba. Ila kagua baadaye, kwa sababu wakati mwingine kinachoachwa ndicho ulichokihitaji. Klaus Knopper alipotoa Knoppix mwaka 2000, dawa ilikuwa kukandamiza: kama GB 2 za programu zilienea kwenye CD moja ya MB 700. Leo squashfs inafanya kazi hiyohiyo.

Kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza) inawaka vizuri, kwenye kompyuta halisi haiwaki. Flashi niliiandika kwa dd, amri ya kunakili diski.

Kwanza, uliandika wapi? ISO huandikwa kwenye flashi nzima, `/dev/sdb`, si kwenye patisheni `/dev/sdb1`. Na kabla ya kubonyeza Enter, soma `lsblk`, orodha ya diski zako, mara mbili. Mimi niliwahi kukosea herufi moja tu, nikafuta diski niliyokuwa nimehifadhia nakala zangu zote. `dd` haiulizi kama una hakika.

Pili, QEMU usipoielekeza huwaka kwa BIOS ya zamani, na kompyuta yako huenda inatumia UEFI, mrithi wa BIOS katika kuwasha kompyuta. Kwa hiyo jaribio lako halikugusa kabisa njia itakayotumika. Sakinisha kifurushi cha ovmf, kinachoipa QEMU UEFI, ujaribu hivi:

`qemu-system-x86_64 -m 2048 -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd -cdrom live-image-amd64.hybrid.iso`

Ikigoma hapo, kosa limo ndani ya ISO. Ikiwaka, kachungulie Secure Boot (kinga inayokataa kuwasha mfumo usio na saini inayotambulika) kwenye mipangilio ya kompyuta.

Nikizima, kazi yangu yote inapotea.

Ndivyo ilivyoundwa. Squashfs inasomeka tu, haiandikiki. Unachoandika kinakaa kwenye RAM, kikitandazwa juu yake na overlayfs, inayounganisha tabaka hizo mbili zionekane kama mfumo mmoja. Ukitaka kibaki, tengeneza patisheni ya ext4 kwenye nafasi iliyobaki ya flashi, uipe lebo `persistence`, na ndani yake uweke faili `persistence.conf` lenye mstari mmoja: `/ union`. Wakati wa kuwaka, ongeza neno `persistence` kwenye mstari wa maagizo ya kerneli. Lebo ikikosewa herufi, hutaona onyo lolote. Mfumo utawaka kama kawaida na kusahau kama kawaida.

Nimetengeneza ISO kutokana na kompyuta yangu ya kazini. Naweza kuwagawia watu?

Usigawe bado. Yeyote mwenye `unsquashfs` ataisoma yote. Ondoa `/etc/ssh/ssh_host_*`, la sivyo kila atakayeiwasha atakuwa na funguo za siri zilezile za seva ya SSH. Faili la `/etc/machine-id`, lenye utambulisho wa kompyuta, liache tupu. Angalia `.bash_history`, yenye amri ulizowahi kuandika, kisha `/etc/NetworkManager/system-connections`: nenosiri la Wi-Fi ya ofisi limeandikwa humo waziwazi.