Jibu: Chanjo asilimia 112 kwenye ripoti ya mwaka ya mkoa

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, ripoti yenu ya mwaka inaonyesha Penta 3 (dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto dhidi ya magonjwa matano) imefika asilimia 112 ya watoto walengwa, na bosi anataka iandikwe kama mafanikio. Usiiandike bado.

Anza na kigawanyo, yaani namba mnayogawanyia waliochanjwa. Idadi ya watoto walengwa ni makadirio yanayotokana na sensa, na sensa ikishachakaa miaka minane, tisa, watu wamehama na kuzaana. Mimi lakini kilichonitoa jasho hakikuwa sensa: kituo kimoja kiliingiza ripoti ya Machi mara mbili, ya pili ikasomeka Aprili. Watoto 47 huku, 47 kule! Kwa hiyo fungua mwezi kwa mwezi, kituo kwa kituo, ulinganishe na daftari la chanjo lenyewe.

Ukitaka kipimo kisichotegemea sensa, chukua Penta 1 (waliopata dozi ya kwanza), toa Penta 3, gawa kwa Penta 1, zidisha kwa 100. Ikizidi 10, watoto wanaanza chanjo kisha wanapotea njiani. Ikitoka hasi, shuku uingizaji wa takwimu kwanza. Tatizo lenu ni lipi, siwezi kusema bila kuona faili.