Barua kwa mwanangu: Treni ya usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Mombasa tu wazima, magoti yangu tu ndiyo yenye maneno. Ujumbe wako niliupata juzi, nikaona jibu lake halikai kwenye simu. Wauliza: "Mama, kila nikikukatia tiketi ya SGR, hii treni mpya ya Mombasa na Nairobi, wasema treni ilikuwa ile ya zamani. Ile iliyokuwa ikilala njiani! Nini hasa kinachokutia hamu? Na mbona baba anasema mlikuwa mkiilalamikia?"

Babako hakosei. Tuliilalamikia, tena sana. Ilitakiwa kuondoka saa moja ya jioni kwenye stesheni ya mjini, pale Haile Selassie, na kuingia Nairobi asubuhi watu wakielekea kazini. Kuondoka kulikuwa na saa; kufika kulikuwa majaliwa. Kuna safari jua lilitupanda vichwani tungali Makindu, na hakuna aliyetwambia injini ina nini. Nilipokuwa msichana nilisafiri daraja la tatu, benchi wima usiku kucha, mtoto wa mtu mapajani, kuku wa mtu miguuni. Choo ndicho usiniulize.

Na yako makubwa kuliko usumbufu. Mwisho wa Januari 1993 mafuriko yalivunja daraja la Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, treni ya usiku ikatumbukia mtoni. Walikufa watu zaidi ya 100. Muda mrefu baada ya hapo nikipita mle gizani sikulala. Nilikuwa nikiyasikiliza madaraja kwa mlio wa magurudumu, moja baada ya jingine, mpaka nijue tumevuka. Kwa hivyo usidhani mamako amesahau.

Ninachokionea hamu ni kile chumba cha daraja la pili.

Wewe ulikuwa mdogo, ulilala njia nzima, kwa hivyo nikueleze. Vitanda vinne, viwili huku na viwili kule, kimoja juu ya chenzake, na beseni la kunawia la kufunua na kufunika hapo ukutani. Wanawake chumba chao, wanaume chao, isipokuwa watu wa nyumba moja wakilipia chumba kizima. Babako alikuwa akinipandisha, ananiwekea sanduku juu, kisha anaenda behewani kwake. Mimi nabaki na wanawake watatu ambao sijapata kuwaona maishani. Mlango ukishafungwa, mpaka kupambazuke ni ninyi kwa ninyi.

Mwanzo hapakuwa na maneno. Salamu, kisha kila mtu na mkoba wake mapajani. Mpaka Mazeras ni kimya, waangalia minazi ikipita. Baada ya Mariakani mtu hufunua chakula chake, na hapo ndipo huanza, maana huwezi kufunua kuku wa kukaanga na mahamri mbele ya watu ukala peke yako. Wewe watoa, mwenzio atoa chapati, wa tatu hana kitu, basi ndiye anayepewa zaidi. Kabila tuliulizana mapema kabisa, usifikiri sisi tulikuwa malaika. Lakini ukishajua mwenzio ni Mkamba na mbele yenu kuna usiku mzima, utafanya nini? Utamuuliza kama mvua imenyesha kwao.

Mmoja sitamsahau. Bibi mtu mzima, akienda Kibwezi, amepandisha gunia la nazi akalilaza mguuni pa kitanda kama mgonjwa. Hofu yake ilikuwa moja: kupitilizwa akiwa usingizini. Treni ilifika kwao usiku wa manane na yeye hakumwamini mtumishi wa behewa hata kidogo. Basi tukapeana zamu ya kukesha, mimi, mwalimu mmoja wa Kitaita, na mama wa Kijaluo aliyekuwa akipeleka leso za kuuza Kisumu. Haikuwa na haja, kwa sababu hakuna aliyelala. Taa ilipozimwa maneno yakaanza kutoka yenyewe. Yule mwalimu alitueleza habari za mchumba wake, jambo ambalo naamini kwao hakuna aliyelijua. Mimi nami nikasema la kwangu, ambalo mama yako mdogo wa Pumwani hajalisikia hadi leo, na wewe pia hutalisikia. Yule bibi akatupa ushauri hapo gizani, kwa Kiswahili chake cha Ukambani, mkali huyo! Tulipofika Kibwezi tukamteremshia nazi zake dirishani, moja akaturudishia. Hatukuandikiana anwani. Jina lake sikulijua; tulimwita Bibi tu.

Hivyo ndivyo vilivyokuwa. Kulala chumba kimoja na mtu nisiyemjua na kuamka nikimjua, na kisha kuachana naye bila deni. Tangu treni ile ikome sijapata mahali pengine panaponipa hilo. Hospitali labda, lakini huko hakuendeki kwa hiari.

Yako na mengine madogo. Mtumishi alikuwa akipita ukumbini akigonga kengele yake ya chakula, na mwenye kulipia akaenda behewa la maakuli: vitambaa vyeupe mezani, supu ikicheza kwenye sahani kwa mwendo wa treni, na vijiko vizito vilivyochongwa herufi za reli ya Afrika Mashariki, ingawa Jumuiya yenyewe ilikwisha vunjika 1977. Ukirudi wakuta matandiko yametandikwa. Na pale Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah kando ya reli, wanawake wa pwani walikuwa wakiamshana kumsomea Fatiha. Alikuwa Mpunjabi aliyekuja kujenga reli, na husimuliwa kuwa karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Wewe husafiri njia hiyo kila mara. Je, umewahi kusikia habari zake? SGR hupita upesi, na dirisha lake halifunguki.

Hilo la dirisha linaniuma kuliko mwendo. Voi, Mtito Andei, Makindu, treni ikisimama tu wasikia "mayai! njugu! ndizi!" na mikono imeshafika dirishani, usiku ule. Watu walisomesha watoto kwa mayai hayo. Stesheni mpya zimejengwa mbali na zile za zamani, nzuri kweli, zang'aa, lakini mwenye karai la mayai haingii. Wakati watu wanasherehekea kuzinduliwa kwa SGR Mei 2017 nilijiuliza wale wataenda kuuza wapi, na sikumsikia mtu akiwataja.

Wasema niipande ile ya saa nne usiku, eti ni sawa na ile. Nimeipanda. Haina vitanda, taa zawaka juu ya kichwa, na wafika Syokimau kabla hata hakujaadhiniwa, umekaa na mzigo wako hujui uamke au ulale. Tena katika daraja la kawaida viti vyaelekeana, magoti yangu yamegusana na ya kijana mmoja mpaka Nairobi na sijui hata sauti yake ikoje, masikio kayaziba. Simlaumu. Saa tano za safari si muda wa kuanza mambo na mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa na simu mkononi nikiangalia picha za wajukuu.

Sasa waniuliza, ningechagua ipi? SGR. Mama yako mdogo alipolazwa, nilitoka hapa asubuhi na alasiri niko kando ya kitanda chake. Kwa treni ile ningeshinda njiani nikisoma Yasini. Nauli nayo imepanda, kutoka 700 walipoanza mpaka 1,500, na matatu ya kwenda Miritini ni juu yako, zamani tulitembea kwa miguu hadi stesheni na nusu ya mtaa ikitusindikiza. Lakini kwa magoti haya, SGR. Mtu anaweza kuitamani nyumba ya zamani na asitake kurudi kuteka maji kisimani. Nyinyi vijana mwadhani kila anayekumbuka anataka kurudishwa.

Nina ombi. Pale Nairobi, karibu na stesheni ya zamani, kuna Makumbusho ya Reli, yako tangu 1971. Siku moja ya Jumamosi mpeleke mjukuu wangu. Atafurahia lile behewa la Ryall, yule afisa wa polisi Mwingereza aliyeliwa na simba ndani yake pale Kima, mwaka 1900, akiwa amekaa macho kumvizia simba huyo huyo, kisha akapitiwa na usingizi. Wewe lakini nitafutie behewa la daraja la pili. Ukilipata, ingia, funua lile beseni ukutani, upige picha unitumie. Babako anashikilia kuwa lilikuwa upande wa mlango na mimi nasema dirishani, na tumebishana tangu wiki jana.

Nisalimie mumeo na watoto. Ukija Idi niletee viazi vya Nyandarua, hapa bei imekuwa si bei.

Mimi mamako